Laini Hii ni ya Nani?

Mhadhara kwa wafanyabiashara na viongozi wa vikundi, Kikwe, Halmashauri ya Meru



Nimeombwa nieleze namna ya kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti za biashara zilizoko mtandaoni. Anayetaka kujua kitufe kiko wapi nitamwonyesha, na hatutamaliza dakika kumi. Lakini kitufe ndicho chepesi kuliko vyote. Kigumu ni maswali yanayotangulia: akaunti ni ya nani, laini iliyounganishwa nayo ni ya nani, na simu itakayopokea namba ya uthibitisho inalala kwa nani. Biashara nyingi za ukanda huu wetu, kuanzia hapa Kikwe hadi Tengeru na Usa River, haziwezi kuyajibu bila watu kutazamana kwanza. Leo nataka tutazamane.

Hatua mbili zenyewe si jambo geni kwenu. Ukienda kutoa pesa kwenye mashine ya benki unaingiza kadi, kisha namba ya siri. Tangu Vodacom walete M-Pesa nchini mwaka 2008 mnatembea na mfumo huohuo mfukoni: laini ni kitu ulicho nacho, namba ya siri ni kitu unachokijua. Kibaka akikupora simu stendi bila kujua namba ya siri, salio lako hajaligusa. Jirani akichungulia namba ya siri wakati simu iko kiunoni mwako, naye kaambulia patupu. Sasa cha ajabu ni hiki. Mtu anayelinda shilingi 20,000 za M-Pesa kwa hatua mbili ndiye huyohuyo anayelinda barua pepe ya kampuni, yenye mikataba ya mamilioni na nakala za pasipoti za wageni, kwa nywila moja tu, tena ni jina la mwanawe wa kwanza na mwaka aliozaliwa.

Nywila peke yake haijawahi kuwa mlinzi wa kutegemewa. Mwaka 1962, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani aitwaye Allan Scherr alichapisha faili lote la nywila za wenzake ili apate muda zaidi wa kutumia mashine. Nywila zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumika, na tayari zimeibwa. Leo mwizi hahitaji hata kufika chumbani. Tunaposema akaunti iko kwenye wingu tuna maana iko kwenye kompyuta za mtu mwingine, mbali, na inafunguliwa kutoka popote: na wewe ukiwa Kikwe, na tapeli akiwa anakokujua yeye. Na akaunti za namna hiyo si za makampuni makubwa tu. Mwenye duka anayelipia leseni kupitia TAUSI anayo. Aliyesajili jina la biashara BRELA anayo. Wengi wenu mna akaunti ya TRA, na karibu zote hizo zinategemea barua pepe moja: anayeishika hiyo anaweza kuomba nywila mpya za nyingine, moja baada ya nyingine.

Akina mama wa VICOBA watanielewa upesi kwa sababu ya sanduku lao. Utaratibu wa vikundi vya namna hii, wenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika hadi ukafika kwetu. Mshika sanduku hana ufunguo, na wenye funguo hawana sanduku. Kusudi lake ni kwamba mwanakikundi asiweze kuwaibia wenzake. Hatua mbili za mtandaoni zinafanana na sanduku hilo kwa jambo moja na kutofautiana nalo kwa jingine, na hapo penye tofauti ndipo watu wanapopotea. Kwenye sanduku, funguo zinagawanywa kwa watu watatu. Kwenye akaunti, funguo zote mbili lazima ziwe za mtu mmoja, kwa sababu kazi yake ni kuthibitisha kwamba huyu anayeingia ni yeye na si mwingine. Mkiwa watano mnaotumia akaunti moja, hakuna "yeye" wa kuthibitishwa.

Nianze na steshenari, na wenyewe wapo hapa, wasinikasirikie. Mama anakuja anataka leseni. Hana barua pepe. Kijana anamfungulia hapohapo, anabuni nywila, anaiandika kwenye kipande cha karatasi. Mtandao unadai namba ya simu ya kutumiwa uthibitisho. Simu ya mama imezima chaji, au ameiacha kwa mtoto nyumbani, na foleni ni ndefu. Kijana anaweka namba yake mwenyewe. Hana nia mbaya hata chembe. Anataka kazi iishe. Miaka miwili baadaye mama anahuisha leseni, mfumo unataka namba ya uthibitisho, namba inakwenda kwa kijana ambaye sasa anaishi Dodoma na amebadilisha laini. Mama analipa gharama ya kufungua kila kitu upya, na anaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao haukusumbua. Ulimtafuta mwenye akaunti kwa uaminifu mkubwa, ukampata kijana wa steshenari.

Kwa hiyo vijana, nawaomba jambo moja lisilo na gharama: usimfungulie mtu akaunti kwa namba yako. Kama simu yake haipo, mwambie arudi kesho. Atanuna. Mwache anune.

Kampuni kubwa zaidi zina steshenari yao, ila huitwa jina la heshima zaidi: yule aliyetutengenezea tovuti. Ndiye aliyenunua jina la kampuni mtandaoni, lile linaloishia na co.tz, kwa barua pepe yake binafsi. Ndiye aliyefungua akaunti ya Google au ya Microsoft na kubaki msimamizi mkuu. Mkurugenzi, mwenye magari 12 ya utalii na kadi zote za magari zikiwa kabatini, hana uwezo wa kumwondoa mfanyakazi mmoja kwenye barua pepe ya kampuni yake mpaka apige simu kwa fundi. Mali hiyo ameinunua, lakini hati iko kwa dalali.

Sasa laini. Hapa naomba utulivu, maana ndiko kwenye kiini cha mambo. Tarehe 1 Mei 2019 serikali ilianzisha usajili wa laini kwa alama za vidole, na mwisho wa usajili ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Mnakumbuka foleni za NIDA za mwisho wa mwaka ule. Wengi hawakuwa na namba ya kitambulisho, na laini zilikuwa karibu kuzimwa, basi mtu akamwomba shemeji, mpwa au mwenye nyumba amsajilie kwa kidole chake. Laini iko kwenye simu yako, watu wote wa Kikwe wanaijua ni yako, ila kwenye vitabu ni ya shemeji. Siku ukipoteza simu na kutaka laini irudishwe, anayetakiwa kuweka kidole ni yeye. Na siku mkigombana kuhusu shamba, yeye anaweza kwenda kuichukua, na sijui utamshtaki kwa kosa gani. Sasa piga picha laini hiyo ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za akaunti ya kampuni, au za akaunti ya SACCOS yenye akiba za watu 300.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo: laini zilizosajiliwa kwa kidole chako bila wewe kujua. Wakala aliyekaa chini ya mwavuli anakwambia kidole hakijasoma, weka tena. Kilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili umemsajilia mtu usiyemjua, na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" utatoka kwenye laini yenye jina lako.

Dawa ya laini ni rahisi kuitamka. Namba inayounganishwa na akaunti ya biashara iwe imesajiliwa kwa mtu anayeitumia, au kwa jina la kampuni yenyewe, jambo ambalo kampuni za simu hulifanya kwa nyaraka za biashara. Isiwe laini ya bando unayoitumia wiki mbili kisha unaitupa droo, maana laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake siku moja itauzwa kwa mtu mwingine.

Nije kwa kampuni za utalii na lile sanduku la barua linaloanza na neno "info". Watu watano wanalitumia kwa nywila moja: wawili wa ofisini, mhasibu, mkurugenzi, na binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo mwaka juzi, ambaye hakuna aliyekumbuka kubadilisha nywila alipoondoka. Ukimwambia mkurugenzi aweke hatua mbili, anajibu kwamba namba zitakuja kwenye simu yake, naye yuko shambani, na watoto wa ofisini watampigia kila saa wakitaka awasomee. Ana haki kabisa. Hatua mbili kwenye akaunti ya watu watano ni mateso, na mwisho wake zitazimwa kabla ya Ijumaa.

Kinachotakiwa ni kila mtu awe na akaunti yake, kwa jina lake, na "info" ibaki kuwa sanduku la pamoja linalofunguliwa kupitia akaunti hizo. Microsoft wanaruhusu sanduku la pamoja bila kulilipia kama mtumiaji wa ziada. Google nao wana njia ya kumkaimisha mtu asome barua za sanduku jingine, au kulifanya "info" kuwa kikundi. Gharama inaongezeka, sikatai, kwa kuwa kila mtumiaji analipiwa kwa mwezi. Lakini kwa kifurushi cha chini, watu watano kwa mwezi mzima hawafikishi kiingilio cha mgeni mmoja mtu mzima kutoka nje, kwa siku moja, Serengeti. Mkurugenzi anayesema hiyo ni pesa nyingi ninamwomba anisikilize kidogo kuhusu wizi wenyewe unavyofanyika.

Mwizi wa barua pepe za biashara hana haraka. Anamtumia mhasibu barua yenye kiungo, inayofanana na taarifa ya Microsoft au ya benki; mhasibu anafungua, anaandika nywila kwenye ukurasa wa bandia, ukurasa unamrudisha kwenye ule wa kweli, na yeye anadhani alikosea herufi. Tangu hapo mwizi yumo ndani. Habadilishi kitu. Anasoma. Anajifunza nani anaandika vipi, wageni gani wanakuja Julai, ankara hutoka siku gani. Anaweka kanuni ndogo ndani ya sanduku ili barua za mgeni fulani zisionekane, ziende kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kisha, siku ankara ya malipo ya awali inapotakiwa kwenda Ujerumani au Marekani, anaituma yeye, kutoka sanduku lenu lenyewe, kwa Kiingereza chenu chenyewe, ikiwa na namba ya akaunti ya benki nyingine. Mgeni hana sababu ya kushuku. Analipa. Mnakuja kugundua baada ya wiki tatu, mnapomkumbusha malipo naye anawatumia risiti. Halafu mtabishana ni nani abebe hasara, na mgeni huyo ameshakata tiketi ya kutua KIA.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilihesabu hasara za wizi wa aina hii zilizoripotiwa kwake kwa mwaka 2023 peke yake kuwa dola bilioni 2.9. Na wala si mambo ya ng'ambo tu. Kati ya Septemba na Oktoba 2024 Interpol iliendesha msako katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na wizi kwa njia ya barua pepe za biashara ulikuwa miongoni mwa makosa yaliyolengwa. Walikamatwa watu 1,006. Msako huo waliuita Operesheni Serengeti, jina ambalo sisi wa Arusha tumezoea kuliona kwenye mabango ya kuuza furaha.

Sasa turudi kwa mhasibu wetu. Kama akaunti yake ingekuwa na hatua ya pili, nywila aliyoiandika kwenye ukurasa wa bandia isingetosha. Mwizi angefika mlangoni na nusu ya ufunguo. Ndiyo maana Microsoft walisema mwaka 2019 kwamba hatua hiyo huzuia zaidi ya asilimia 99.9 ya mashambulizi ya akaunti wanayoyaona. Namba hiyo naipokea kwa tahadhari, kwa kuwa mengi ya mashambulizi hayo ni ya mitambo inayobahatisha nywila kwa wingi. Napenda zaidi utafiti wa Google wa mwaka huohuo, kwa sababu ulitenganisha aina za wezi. Namba ya kutumiwa kwa meseji ilizuia mitambo ya kubahatisha yote, ikazuia asilimia 96 ya ulaghai wa barua zinazotumwa kwa wengi, lakini ilipokuja kwa mwizi aliyekulenga wewe hasa, ilizuia asilimia 76 tu. Kibonyezo cha "ni mimi" kwenye simu janja kilifika asilimia 90 kwa mwizi huyo wa kukulenga. Ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, hakuna aliyeupita katika makundi yote matatu.

Mnaona hapo kwamba meseji ndiyo dhaifu, na sababu zake nimeshazieleza nilipozungumzia laini: anayeweza kuirudisha laini yako kwa jina lake anapokea meseji zako. Agosti 2019 ilimtokea Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati ule, na wezi wakaandika waliyoyataka kwenye akaunti yake. Hata hivyo sitawaambia muiache meseji. Mwenye kitochi, asiye na simu janja, meseji kwake ni bora mara nyingi kuliko kukaa na nywila pekee. Anayekwambia usiweke kabisa kwa kuwa meseji si salama hajui biashara ya Kikwe inavyokwenda.

Lakini mwenye simu janja atumie programu ya kutoa namba. Ni ya bure, na nataka muelewe inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani inatumiwa namba kwa mtandao. Siku ya kwanza unapopiga picha ule mraba wenye madoa kwenye skrini, simu yako na mtambo wa Google au Microsoft wanagawana siri moja ndefu. Baada ya hapo hawawasiliani tena. Kila mmoja, kwa upande wake, anachukua siri ile na saa ya wakati huo, anapiga hesabu moja, na kupata tarakimu 6. Kila sekunde 30 saa imesogea, kwa hiyo namba nayo inabadilika. Kanuni ya hesabu hiyo ilichapishwa wazi mwaka 2011 na yeyote anaweza kuisoma. Kwa kuwa hesabu inafanyika ndani ya simu, haihitaji bando, haihitaji mnara, haihitaji salio. Kitu kimoja tu inahitaji: saa iliyo sawa. Kijana aliyerudisha tarehe ya simu nyuma kwa ajili ya mchezo atakuja kulalamika kwamba namba zinakataliwa. Mrudishie saa ya moja kwa moja, imekwisha.

Kwa waongoza watalii hili si jambo dogo. Kuna kambi huko hifadhini zenye intaneti ya setilaiti na hazina mnara wa simu wa kuonekana. Meseji haifiki. Namba ya programu ipo. Ni hivyohivyo kwa mkurugenzi aliyekwenda maonyesho ya ITB mjini Berlin mwezi Machi: hoteli ina intaneti nzuri, laini yake ya Tanzania imezimia tangu Addis Ababa, na ofisi inamsubiri aidhinishe bei.

Ufunguo wa kuchomeka unauzwa dola 30 hivi na kuendelea. Sitawataka wafanyakazi wote wawe nao. Mkurugenzi na mhasibu wawe nao, kila mmoja na wa akiba, kwa sababu, kati ya njia nilizozitaja, huo pekee unaangalia kama ukurasa ni wa kweli kabla ya kujibu. Namba ya tarakimu 6 unaweza kudanganywa ukaiandika kwenye ukurasa wa bandia, na mwizi aliyekaa nyuma yake akaitumia sekunde hiyohiyo. Unaweza pia kuisoma kwa mdomo wako mwenyewe kwa yule anayepiga simu akijiita wa huduma kwa wateja. Watu wamepoteza WhatsApp zao kwa njia hiyo kila mtaa; naona wengine mnainamisha macho.

Hata kibonyezo cha "ni mimi" kina ugonjwa wake. Septemba 2022 mwizi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi mmoja wa kampuni ya Uber aliendelea kujaribu kuingia, na kila jaribio likampelekea mkandarasi ombi kwenye simu, tena na tena, mpaka akakubali moja. Mwizi akaingia ndani ya Uber. Tangu Mei 2023 programu ya Microsoft inakutaka uandike namba unayoiona kwenye skrini ya kompyuta, ili usiweze kukubali kwa usingizi. Wafanyakazi wenu waambiwe hivi: ombi la kuingia ambalo hukuliomba ni habari, si usumbufu. Maana yake nywila yako iko mikononi mwa mtu. Likatae, kisha badilisha nywila asubuhi hiyohiyo.

Haya, kuweka kwenyewe. Anayeanza ni msimamizi mkuu, na asiwe mmoja. Wawe wawili, kwa akaunti mbili tofauti, ili mmoja akiugua au akigombana na kampuni, kampuni isibaki nje ya mlango wake. Fundi wa tovuti, kama ndiye aliyeshika usimamizi, aukabidhi kwa maandishi siku hiyo. Halafu pitieni orodha ya akaunti zote na mfute za waliokwisha kuondoka. Msidharau hatua hiyo. Januari 2024 Microsoft wenyewe walitangaza kwamba wadukuzi wa Urusi walisoma barua za baadhi ya wakuu wao, na mlango waliopitia ulikuwa akaunti ya zamani ya majaribio isiyokuwa na hatua ya pili. Kama mwenye nyumba yule alisahau, nasi tutakuwa na yule binti wa mafunzo.

Kwenye Google, msimamizi anafungua sehemu ya usalama, anaruhusu uthibitishaji wa hatua mbili, kisha anapanga tarehe ambayo utakuwa lazima. Mfanyakazi mpya anapewa siku chache za kujiandikisha. Kwenye Microsoft kuna swichi moja ya ulinzi wa msingi, na akaunti za kampuni zilizofunguliwa tangu mwishoni mwa Oktoba 2019 nyingi huja nayo ikiwa imewashwa. Wenye mitambo hawabembelezi tena: tangu Februari 2025 Microsoft walianza kudai hatua ya pili kwa kila msimamizi anayeingia kwenye ukurasa wa kusimamia ofisi yake. Tarajieni skana ya zamani inayotuma nyaraka kwa barua pepe igome, na Outlook ya kompyuta iliyonunuliwa enzi za kale igome pia. Si hitilafu, vifaa hivyo vinajua nywila tu. Fanyeni kazi hii wakati wa masika, Aprili au Mei, wageni wakiwa wachache. Anayeianza Julai atalaaniwa na ofisi nzima.

Kila mtu achapishe namba za akiba. Google hutoa 10, kila moja hutumika mara moja. Zisikae kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo itakayopotea. Za wasimamizi ziingie bahasha, bahasha ifungwe na kusainiwa, ikae kwenye kasiki pamoja na kadi za magari.

Wafanyakazi huuliza kama bosi ataona meseji zao wakiweka programu hiyo kwenye simu zao binafsi. Programu ya kutoa namba haimwonyeshi bosi chochote. Lakini kampuni ikitaka kuisimamia simu nzima, hilo ni ombi jingine, na mfanyakazi ana haki ya kulikataa au kudai simu ya kazi. Na tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: pasipoti, maradhi na mizio ya wageni mnayoyahifadhi ni dhamana, na kuyaacha nyuma ya nywila moja ni uzembe utakaokuwa mgumu kuutetea mbele ya Tume inayoisimamia sheria hiyo.

Kabla ya maswali, toeni simu, hata vitochi vinafaa. Pigeni *106#, mfuate maelekezo, muangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ukaifute. Na ukikuta namba ya biashara yako haimo kwenye orodha, muulize shemeji yako aliyekaa hapo pembeni kama kesho ana nafasi ya kufika nawe Usa River.